Kituo cha Kantri Juu ya Duka la Redio

Jumapili, 8 Oktoba 1972. Ukungu tangu alfajiri, na mpaka saa nne ulikuwa haujainuka barabarani. Halafu mvua nyembamba, ile ya kulowesha bila kusikika.

Hayo niliyaandika asubuhi ile kabla sijaenda jikoni, na siku ile sikuandika tena. Yaliyobaki nayaandika sasa, mtu mzima wa kuvaa miwani, kwa sababu kuna vijana wa maktaba ya hapa Hounslow, magharibi mwa London, wanaokusanya historia ya redio za mtaani. Waliponijia walikuwa tayari wameandika kwamba kituo chetu kilifungwa na serikali. Mzee mmoja amewaambia hapana, kilivunjwa na vijana wa vipara. Kila mmoja kasema anachokijua. Mimi nilikuwepo, lakini shule niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha kazini, basi nikawaambia nitaandika kwa Kiswahili, watafute wa kuwasomea. Kikachi cha nyumbani, lugha ya wazee wetu waliotoka India, hatukuwahi kukiandika. Kama kuna mahali nimekosea, ni kukumbuka vibaya, si kutaka kumpaka mtu.

Tulitoka Mombasa mwaka 1968, mama, kaka yangu na mimi, kwa pasi za Kiingereza, wiki zile ndege zilipojaa watu wakikimbizana na sheria ya kutufungia mlango. Baba alikuwa ameshakufa. Kaka alikuwa fundi redio. Alikodi duka dogo karibu na daraja la reli, sisi tukakaa vyumba vya juu, na mimi nikapata kazi jikoni mwa uwanja wa ndege, kupanga sahani za chakula cha abiria.

Nianze na vipigo, maana asiyejua vipigo ataona tulikuwa watu wa kupiga muziki tu. Mwaka wa kwanza vijana hao wa vipara, Wazungu wa kunyoa vichwa na kuvaa buti, walivunja kioo cha duka, kaka akaweka kingine. Wakavunja na hicho, akaweka mbao. Walitia mavi ya mbwa kwenye tundu la barua. Mwanamke niliyefanya naye kazi jikoni, Mgujarati wa Nairobi, alivutwa nywele kwenye kituo cha basi mpaka zikatoka na ngozi, mchana, watu wamepanga foleni. Kaka walimpiga mara mbili. Ile ya pili walimlaza chini ya daraja wakampiga mateke kwa zamu, na aliporudi nyumbani alikojoa damu siku kadhaa. Walituita Wapaki. Hakuna kwetu aliyewahi kukanyaga Pakistani, lakini ukiwa chini hupati nafasi ya kueleza jiografia.

Kwa haki ya wengine, dereva wa basi aliwahi kushuka na chuma akawatawanya. Mzungu wa bucha alimpa mama maji ya kunawa uso siku aliyotemewa mate. Siandiki kwamba wote walikuwa vile. Naandika kwamba ukitoka asubuhi hukujua utakutana na yupi.

Siku moja Muairishi mmoja alikuja dukani akiwa amekumbatia gramafoni iliyobonyea ubavuni. Alikuwa mpakizi wa mizigo huko huko uwanja wa ndege, mwekundu wa shingo, mikono kama mikungu ya ndizi.

"Imeanguka?" kaka akamuuliza.

"Nimeipiga teke."

"Ilikukosea nini?"

"Santuri ilikwama pale mwanamke anapomwacha jamaa. Akamwacha, akamwacha, akamwacha. Nikaona huyu jamaa ameachwa vya kutosha."

Kaka alicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tushuke kwenye ndege. Akaitia santuri ile kwenye gramafoni yake mwenyewe, na kumbe wimbo wenyewe anaujua mpaka pumzi za mwimbaji. Walowezi wa bara walipokuwa wakifungasha kuondoka Kenya, baba alinunua mnadani sanduku zima la santuri za kantri, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, kwa sababu zilikuwa rahisi, na sisi tulikua nazo. Waingereza wa London waliuona muziki huo wa kishamba. Waairishi waliupenda, na Wahindi wa Afrika Mashariki waliupenda, na nadhani sababu ni moja. Ni nyimbo za mtu aliyeacha kwao na kule kwao hakumngoji. Lakini huenda ninaongeza maneno. Kaka alisema aliupenda kwa sababu ya gitaa.

Basi kituo kilianza hivyo. Muairishi alikuwa na santuri nyingi na kaka alikuwa na mikono. Aliunda mtambo wa kurushia matangazo kwenye sanduku la bati, ndani yake valvu za kioo zinazowaka kama vibatari, na eriali ikawa waya uliofungwa kwenye bomba la moshi ukashuka mpaka uani. Jirani yeyote angedhani ni kamba ya kuanikia. Kila Jumapili, saa tano mpaka saa saba mchana, kwenye masafa ya kati, tulisikika labda mpaka Ilford, upande wa pili wa London, siku hewa ikiwa nzuri, siku nyingine hata Southall hapo jirani hatukufika. Hatukuwa na leseni. Kwa sheria tulikuwa wahalifu, na serikali kama ingekuja ingekuwa na haki yake.

Muairishi alichagua nyimbo, kaka akatangaza. Na kwenye maiki kaka hakuwa kaka. Maneno aliyavuta puani, taratibu, kama mtu aliyepanda farasi tangu utotoni, wakati farasi tuliyemjua sisi alikuwa wa polisi. Alijifunza kwenye santuri. Watu wakaamini kuna Mmarekani. Wengine walisema ni askari wao aliyebaki baada ya vita akaoa hapa.

Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja wa Kiingereza na mwanawe wa kiume, mume alikuwa ameondoka. Siku moja alileta redio yake kutengenezwa.

"Nataka isikike vizuri Jumapili," alimwambia kaka. "Kuna Mmarekani mmoja, ana sauti ya kukufanya uache viazi viungue."

"Nimemsikia," kaka akajibu kwa sauti yake ya dukani. "Anaongea sana."

"Mwache aongee."

Kaka aliitengeneza redio ile kwa siku mbili, na kazi yake ilikuwa ya saa moja.

Mama yangu hakuiogopa serikali. Aliogopa buti. "Wanakupiga ukiwa umenyamaza," alimwambia kaka. "Sasa unataka wakusikie?"

"Hawajui ni mimi, mama."

"Siku wakijua?"

"Watakuwa wameshazoea."

"Watakuua, mwanangu. Watakuua, na mimi nitabaki na sanduku la bati."

"Hawa wananipenda, mama. Wanaleta salamu."

Ugomvi wa nyumba yetu ulikuwa huo mmoja. Mama alitaka mtambo utoke, kaka alikuwa tayari kutoa kila kitu isipokuwa mtambo, na mimi nilipita katikati yao na vikombe. Nilimwelewa mama, kwa sababu mimi ndiye niliyefua nguo ya ndani yenye damu. Nikamwelewa na kaka, kwa sababu wiki nzima alikuwa mtu wa kupita ukutani ameinamisha kichwa, na Jumapili saa tano mgongo wake ulinyooka.

Salamu zilikuwa fikra ya kaka. Redio ya kwetu bila salamu ni kama karamu bila kukaribishwa. Muairishi mwanzo hakuelewa.

"Yaani unasoma majina ya watu?"

"Nasoma fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani wa mahali fulani."

"Na hao watu wanajuana?"

"Ndiyo."

"Si waende wakasalimiane?"

Lakini baada ya mwezi salamu ndizo watu walizosubiri. Wazungu waliziacha kwenye baa aliyokuwa akinywa Muairishi, wanawake wa jikoni walinipa mimi, na hakuna aliyejua zinakwenda nyumba gani. Kaka alizichanganya. Mama wa ng'ambo ya barabara anamsalimu dada yake wa Barking, na papo hapo Mgoa wa Nakuru anamsalimu kinyozi wake. Majina ya watu alisoma. Mahali petu hakupataja hata siku moja.

Halafu, mwaka ule wa 1972, Uganda ikafukuza watu wake, Wahindi. Mwezi wa tisa ule magazeti yalikuwa yakipiga kelele kila asubuhi kwamba wanakuja, wanakuja, na barabara ikabadilika. Mtu uliyezoea kumwambia habari za asubuhi alitazama pembeni. Waliandika kwenye mlango wetu kwa rangi, kaka akafuta, wakaandika tena. Mzee mmoja wa msikitini walimpiga chupa, jicho likapotea. Na wale waliokuwa wakifika, wengine kwenye kambi za mbali, wengine kwa jamaa, walikuwa wamepoteana. Salamu nilizoletewa jikoni zikageuka. Hazikuwa tena za kusalimu. Zilikuwa za kuuliza yuko wapi.

Mdogo wake mama alikuwa ameolewa Kampala. Tulisikia ametoka peke yake, maana mumewe hakuwa na pasi ya Kiingereza, na kwamba ameteremka London. Baada ya hapo hatukusikia kitu. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha mtambo, Jumamosi moja alisimama mlangoni mwake.

"Msalimie mama yako mdogo kesho," alisema.

"Nitamsalimia."

"Useme tuko wapi."

"Hapo pagumu, mama."

"Atatujuaje usiposema? Salamu isiyo na kwao ni ya nani? Watu wote unawatajia kwao, sisi ndio tumezaliwa njiani?"

Muairishi, aliposikia kesho yake, alishika kichwa. "Redio ya wizi haitoi anwani, bwana. Kwetu hiyo inaitwa kujipigia polisi mwenyewe."

"Ni salamu ya mama," kaka akasema.

Muairishi alimtazama, akashusha pumzi. "Basi hakuna la kufanya," akasema, akachagua wimbo.

Kaka aliisema kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti yake halisi, kama mwana wa watu: salamu zimfikie mama yetu mdogo aliyetoka Kampala, zinatoka kwa dada yake, duka la redio karibu na daraja la reli, Hounslow, mlango wa kijani, njoo nyumbani. Halafu akazirudia kwa Kiingereza, kwa sababu hatukujua mama mdogo amefikia kwa nani. Hakujigeuza kuwa Mmarekani. Nadhani alisahau. Au hakutaka kumwita mama mdogo kwa sauti ya mtu mwingine. Sikumuuliza.

Jumatano mama mdogo alikuwa mlangoni kwetu na mfuko mmoja. Mtu wa nyumba aliyofikia alikuwa amesikia. Mama alimshika uso, akamtazama kama anayekagua sahani kama ina ufa, kisha wakaketi kwenye ngazi wote wawili. Nasema hili wazi: salamu ile ilifanya kazi. Bila hiyo labda tungempata baada ya miezi, labda kambini, sijui.

Na mtu mwingine alikuwa amesikia vilevile. Jumapili ile ya salamu, mtoto wa mama wa ng'ambo ya barabara alikuwa jikoni mwao anakula, na mama yake alikuwa amefungulia redio. Hapo akajua Mmarekani wa mama yake ni nani.

Walikuja Jumapili iliyofuata, hiyo tarehe nane. Mimi, mama na mama mdogo tulikuwa jikoni juu, tunapika. Chumba cha mtambo kilikuwa ng'ambo ya kijia cha ndani, mlango wazi, kaka kwenye maiki na Muairishi amepiga magoti kwenye santuri. Tulisikia mbao za duka zikipasuka chini. Sikuwahesabu. Niliona buti kwanza, zile za kufunga kamba mpaka juu, kwa sababu nilichungulia ngazini nimeinama.

Muairishi alitoka na kiti. Kwa haki, yeye ndiye aliyepiga wa kwanza, alimpiga yule wa mbele mdomoni kwa mguu wa kiti, na jino likadondoka likaruka ngazi mpaka chini. Wakamkamata miguu wakamvuta. Alishuka ngazi zote kwa kisogo. Halafu wakamruka wakaingia chumbani.

Kaka alikuwa anasimama, vyombo vya masikioni bado vimemning'inia shingoni. Wawili walimshika mikono. Mwingine alikuwa na kipande cha bomba la maji, akampiga nacho shavuni mara moja, na nilisikia mfupa, sauti kavu kama ya kuvunja muwa. Kaka alianguka juu ya meza. Wakampiga mateke mbavuni, mgongoni, wakimuuliza Mmarekani yuko wapi, mwite Mmarekani aje akusaidie. Mmoja alikuwa akivunja santuri gotini, moja moja, kama kuni. Mama aliingia katikati yao akamlalia kaka. Walimpiga na yeye. Teke la begani, sidhani lilikuwa lake, lakini lilimpata.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alikuwa amepita vizuizi vya askari wengi kutoka Kampala mpaka Entebbe na labda kelele zilikuwa zimemwishia huko. Alichukua sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya wali, akavuka kijia akishikilia kwa pindo za nguo yake, akammwagia aliyekuwa karibu. Shingoni na mgongoni. Kijana yule alilia. Nimewahi kusikia watu wazima wakilia kwa maumivu, lakini kile kilikuwa kilio cha mtoto, na hakikukatika.

Maiki ilikuwa wazi muda wote. Santuri ya mwisho ilikuwa imekwisha, hakuna aliyekuwa ameweka nyingine. Waliokuwa wakisikiliza Jumapili ile, na bado wapo wachache, walisikia yote.

Aliyeungua alikuwa mtoto wa ng'ambo ya barabara. Na mama yake, jikoni kwake, alimsikia mwanawe akilia ndani ya redio.

Alifika na aproni na viatu vya nyumbani vilivyolowa. Alimruka Muairishi pale chini ya ngazi. Wale wengine walimwona mlangoni wakamjua, na kitu kikawatoka, wakasimama kama wamekutwa wakiiba sukari. Alimshika mwanawe ukosi, akamzaba kofi, akamzaba jingine, mkono ukaangukia pale pale palipoungua, kijana akapiga magoti. Aliendelea kumpiga akiwa amepiga magoti. Nilitaka aache, nikataka asiache. Wenzake waliteremka kimya, mmoja baada ya mwingine.

Halafu akamtazama kaka, aliyekuwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mama, taya limekwenda upande.

"Wewe ndiye?" akamuuliza.

Kaka alifungua mdomo. Ilitoka damu tu. Akaitika kwa kichwa.

"Nilidhani ni mtu mrefu," yule mama akasema.

Hakuomba radhi. Mama yangu naye hakuomba radhi kwa shingo ya yule kijana. Yule mama alimbeba mwanawe wakaondoka, na miaka yote tuliyokaa barabara ile yeye na mama yangu hawakusemeshana tena. Yule kijana nilikuja kumwona akiwa mtu mzima, kwenye kituo cha basi, kiangazi, amepandisha ukosi mpaka masikioni. Alinipisha nipande kwanza. Sijui kama alinijua.

Muairishi ndiye aliyezima maiki na mtambo, baada ya kupanda ngazi kwa mikono na magoti. Gari la wagonjwa lilimchukua yeye na kaka pamoja. Polisi alifika, akatazama mbao zilizovunjika, akauliza tunauza nini. Nikamwambia redio. Akauliza zimeibwa ngapi, nikasema hakuna. Hakupanda juu. Nisimlaumu kwa hilo, hatukumkaribisha apande. Tukimwonyesha chumba, angeuona mtambo.

Walirudi jioni. Kaka alikuwa amefungwa bendeji kutoka kidevuni mpaka utosini, akaambiwa arudi kesho kufungwa waya mdomoni. Muairishi alikuwa na nyuzi kisogoni. Mama aliweka kiti karibu na moto. Kaka alikipita. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mtambo, koti bado limeganda damu, na sisi tukamfuata wote, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpoteza machoni.

Walikuwa wamevunja dirisha, kiti, gramafoni, santuri karibu zote. Mtambo hawakuugusa. Labda hawakujua ni nini, ni sanduku la bati tu lenye matundu. Kaka aliubonyeza, na valvu zikaanza kuwaka, taratibu, nyekundu. Aligeuka akamtazama Muairishi, na ndani ya bendeji zile niliona macho ya mtu aliyeambiwa mtoto amepona.

"Jumapili ijayo?" Muairishi akauliza polepole.

Kaka akaitika.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alishuka chini dukani, tukasikia akifungua saraka ya vyombo, akapanda tena na nyundo.

"Mama," Muairishi akaanza.

"Wewe nyamaza, mtoto wa watu. Kichwa chako kimeonja ngazi zangu zote leo. Nenda kakae."

Niliyatafsiri, yakafika nusu. Muairishi akakaa juu ya ndoo.

"Dada," mama mdogo akasema, "mimi nimepatikana kwa kitu hicho."

"Najua."

"Na wengine bado wanatafutwa."

"Najua, mdogo wangu. Nakishukuru. Wewe umekuja kwa miguu yako, huyu ameletwa kwa gari. Kinanipa mmoja kinanichukulia mmoja. Sitaki biashara hiyo."

Kaka alikuwa amesimama kati yake na mtambo. Mwili wake wote ulikuwa unasema hapana, ila mdomo ndio haukuweza. Mama alimwambia taratibu, kama anamwamsha asubuhi, "Sogea, baba." Hakusogea. Mama akainua nyundo, na nilielewa kwamba angepiga hata hivyo, angepita ubavuni mwake apige.

Nieleze hapa jambo ambalo mama hakulijua. Mtambo wa namna ile ukiwaka una umeme wa kuua, na hata ukizimwa unabaki nao tumboni kwa muda. Fundi mzembe huuawa na kitu alichokwisha kukizima. Nyundo ya mama ilikuwa ya chuma mpaka mpinini.

Kaka aliitazama nyundo ile. Halafu akainama, kwa shida kwa sababu ya mbavu, akachomoa waya ukutani. Valvu zikafifia. Akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, akaipitisha kwenye tundu, akagusisha chuma kwa chuma ndani. Ikapiga mwanga wa buluu na mlio kama wa bastola, mama akaruka nyuma. Akarudia. Mara ya pili ulitoka mlio mdogo. Akarudia tena, kimya. Akaweka bisibisi mezani, akasogea pembeni.

Mama alipiga. Hakupiga kwa hasira, alipiga kama mtu anayetwanga, nyundo inapanda, inashuka, mpaka bati likafunguka, kisha akavunja valvu moja moja. Kipande cha kioo kilipoangukia karibu na mguu wake, kaka alikisukuma kwa kiatu chake asije akakikanyaga. Hakuna aliyelia. Alipomaliza alimpa kaka nyundo, kaka akaipokea.

Kwa hiyo mkitaka kuandika ni nani aliyekifunga kituo, aliyekifunga ni mama yetu, na kaka alimwandalia. Serikali ilimkamata Muairishi miezi kadhaa baadaye, ni kweli, lakini huo ulikuwa mtambo mwingine, wa rafiki zake, shambani, wenye nyimbo tupu bila salamu. Kaka hakwenda. Taya lilipona, akaendelea kutengeneza redio mpaka uzee, na sauti ile ya puani hatukuisikia tena, hata kwa utani. Salamu zilizokuwa zimebaki nilizipeleka kwa mdomo jikoni kazini, nyingine zikafika, nyingine zilinifia mkononi. Sijui kama mama alifanya haki. Aliishi kumwona mwanawe anaota mvi, na hilo ndilo alilolitaka. Wale ambao salamu zao hazikufika, sijui wangesema nini.

Ramadhani ilikuwa inaingia kesho yake, ilikuwa jioni ya kuvunja jungu, ya kula vizuri kabla ya kufunga, na wali wa mchana haukupikwa kwa sababu maji yake yalikwisha kumwagwa. Mama mdogo alipika mwingine, akatia kitunguu na iliki, tukala na samaki wa kukaanga na achari ya ndimu. Muairishi alikula kwa mkono, vibaya, akaongezwa. Mama alimpikia kaka uji wa mchele na maziwa, akauchuja kwa kitambaa mara mbili, akamnywesha kijiko kwa kijiko pembeni mwa mdomo, na kaka alimaliza bakuli lote.